Tumbo la kitoto cha paka, kutoka ziwa la mama hadi ndakala

Kitoto cha paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, na kwa wiki tatu za mwanzo tumbo lake halijui chakula ila maziwa ya mama. Yale ya siku ya kwanza ndiyo yenye kinga. Siku hiyo ikipita, utumbo haupitishi tena kinga kwenda damuni. Hata choo hakiji chenyewe: mama hulamba chini ya mkia ndipo mkojo na kinyesi vitoke. Kitoto kilichofiwa na mama husuguliwa hapo taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila kinapolishwa. Na kisilishwe kikiwa cha baridi, kwa kuwa mwili uliopoa hausagi chakula. Maziwa hulala tumboni na kuchacha. Kwanza kipashwe joto kifuani pa mtu, chakula kifuate.

Huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, mpunga unalimwa tangu enzi za Tippu Tip na waungwana wake, na palipo na mpunga pana panya. Paka hufugwa kwa kazi ya kuwakamata, kwa hiyo ni wachache wanaowaza atakula nini. Kitoto kinachoanza kuacha ziwa, kwenye wiki ya nne, hutupiwa bugali wa muhogo na mabaki ya sombe. Muhogo hushibisha bila kujenga mwili, maana paka ni mla nyama kwa maumbile. Tena sombe iliyopikwa na vitunguu huharibu damu yake. Ndakala walioroweshwa chumvi ikatoka, wakachemshwa na kupondwa, wanamfaa zaidi, wakitolewa kidogo kidogo mara nne kwa siku.

Maziwa ya unga ya dukani yana sifa yasiyostahili. Kadiri kitoto kinavyokua, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na sukari isiyosagwa huvuta maji utumboni: ndiyo maharisho. Maziwa ya mbuzi yana sukari hiyohiyo. Kilichoacha ziwa kinahitaji kunywa maji safi tu.

Chanzo kingine cha maharisho ni minyoo, na hapa wengi hushangaa: minyoo mviringo huingia kwa maziwa ya mama mwenyewe. Tumbo huwa kubwa, mgongo mwembamba, manyoya yamesimama. Dawa ya minyoo huanza kitoto kikiwa na wiki tatu, hurudiwa kila wiki mbili hadi baada ya kuacha ziwa, na mama hupewa pia. Kipimo hufuata uzito, hivyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Tegu ni habari nyingine: hutoka kwa viroboto na panya, vipande vyake huonekana mkiani kama punje za mchele, na huhitaji prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho. Kinyesi kifukiwe mbali na mahali watoto wanapochezea, kwani mayai ya minyoo mviringo huwadhuru nao pia.

Kitoto kinachoharisha huku kinatapika na kukataa kula kinaweza kuwa na kirusi cha parvo cha paka, kinachoua kwa siku chache. Ngozi ya shingo ikivutwa isirudi upesi, maji yamekwisha mwilini, na kipelekwe kwa daktari bila kungoja kesho. Parasetamoli ya binadamu isitolewe kamwe. Ni sumu kwa paka. Kirusi hicho hukaa nyumbani hadi mwaka mzima, kwa hiyo paka mpya asiletwe hapo kabla ya kuchanjwa, chanjo ambayo huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane.