Mjengee bundi nyumba shambani, akupunguzie panya



Unapanda mahindi leo. Baada ya siku nne unakwenda shambani kutazama kama yameota. Unakuta vishimo katika mistari, kimoja baada ya kingine, na punje hazimo. Hiyo ni kazi ya panya. Hapa Kilosa kila mkulima anaijua kazi hiyo, awe Rudewa, Msowero, Kimamba au Ulaya. Wengine hurudia kupanda mara mbili, na mvua haiwasubiri.

Panya shamba huzaa upesi. Jike hubeba mimba wiki tatu hivi tu. Anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza panya hao kwa miaka mingi. Wameona kwamba mvua za mwanzo zikinyesha nyingi mwezi wa Novemba na Desemba, panya huanza kuzaa mapema. Mwaka wa namna hiyo huweza kuwa mwaka wa baa la panya.

Tunajua mitego, paka na kufyeka mapori yanayozunguka shamba. Endelea na hayo yote. Lakini leo nakuletea habari za msaidizi mwingine, ambaye wengi wetu humfukuza kwa mawe. Msaidizi huyo ni bundi.

Bundi ninayemsema ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Wengine humwita babewatoto. Halii kwa sauti nene, bali hupiga ukelele mkali wa kukwaruza. Usiku huruka bila kusikika. Masikio yake ni makali mno. Humsikia panya anayetembea chini ya majani hata katika giza kabisa. Bundi mmoja hula panya watatu au wanne kwa usiku. Akiwa na makinda huwinda zaidi.

Tumekua tukisikia kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Tufikiri pamoja. Bundi hufuata panya. Panya hufuata nafaka. Nyumba yenye mahindi darini ina panya, na bundi huja hapo kutafuta chakula chake. Hana habari na wenye nyumba.

Hata hivyo, usifanye jambo hili kwa siri. Mtu akitundika sanduku la bundi peke yake bila kusema, majirani watauliza anafuga nini. Sote tunajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Kwanza mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha jambo lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji. Wazee waseme, na wanaoogopa nao waseme. Mkikubaliana, liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Nashauri sanduku la kwanza liwe la kikundi au la shamba la shule, lisiwe la mtu mmoja. Na liwekwe mashambani, mbali na nyumba za watu. Mkutano ukikataa, subirini. Hakuna sanduku lenye thamani kuliko amani ya kijiji.

Bundi huyu hajengi kiota. Hutafuta pango la mti, jengo lililoachwa, au kiota kikubwa cha vijiti ambacho ndege mwingine amekihama. Miti mikubwa yenye mapango tumeikata mingi kwa mkaa, kwa hiyo nafasi zake zimepungua. Ndiyo sababu akiona sanduku zuri anaweza kuingia.

Tumia mabanzi au mbao za zamani. Usipake rangi ndani. Sakafu iwe na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 45. Kwenda juu iwe sentimita 60. Kama huna futi kamba, pima kwa shubiri: tatu kwa mbili na kidogo, na tatu kwenda juu. Tundu la kuingilia liwe na sentimita 15 kila upande, nalo liwe juu kabisa, karibu na paa. Hapa mafundi wengi hukosea. Wanatoboa tundu chini kama mlango wa banda la kuku, na makinda huanguka nje kabla hayajajua kuruka.

Toboa vitundu vidogo kwenye sakafu ili maji yasituame. Nyuma weka kilango cha kufungua wakati wa kusafisha. Paa litokeze mbele ili mvua isiingie. Ukitumia bati, weka nyasi juu yake, maana jua la Kilosa litawachoma makinda. Ndani tia maranda makavu kidogo, basi.

Litundike baada ya mavuno, juu ya mti wenye kivuli au juu ya nguzo imara, mita 3 hadi 5 kutoka chini. Tundu litazame shamba, lisielekee upande unaotoka mvua. Zungushia nguzo kipande cha bati, ili nyoka, paka na kicheche wasipande. Nyuki nao hupenda masanduku. Wakitangulia kuingia, mwite mfuga nyuki awahamishe usiku. Usiwachome moto, utateketeza na sanduku.

Usimkamate bundi porini ukamfungia humo. Aje mwenyewe. Anaweza kukawia mwaka mzima au zaidi.

Sasa jambo la sumu. Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Panya aliyezila hafi siku hiyo. Hutembea siku kadhaa akilegea, na bundi humkamata kwa urahisi. Bundi naye hufa. Kama kijiji kimeamua kuweka masanduku, msitie sumu hizo mashambani. Likija baa, ongeeni na afisa kilimo kabla ya kutega sumu yoyote.

Nisikudanganye kwamba bundi atamaliza panya. Huko Morogoro watafiti walijaribu masanduku na nguzo za ndege wawindaji katika mashamba ya mahindi. Ndege peke yao hawakumaliza panya. Nchini Israeli na Malaysia wakulima wengi wametumia masanduku ya bundi tangu miaka ya 1980, lakini huyaweka mengi na kuchanganya na njia nyingine. Kwa hiyo fyeka kando ya shamba, mpande kwa wakati mmoja na majirani, na nafaka iwe ghalani pasipopenya panya.

Utajuaje kama amefika? Tazama chini ya sanduku. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge jeusi la manyoya na mifupa, kubwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Lilowanishe maji, ulifumue kwa kijiti, halafu unawe mikono kwa sabuni. Hesabu mafuvu ya panya. Peleka mafuvu hayo kwenye mkutano ujao wa kijiji, wale waliokuwa na mashaka wayahesabu wenyewe.