Mzazi akivuka mpaka na mtoto, korti husemaje?

SOKO la Sondu limekaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, kando ya barabara iendayo Kisii. Msafiri anayeabiri matatu hapo asubuhi akielekea kusini hufika Isebania, mlangoni mwa Tanzania, siku hiyo hiyo. Akipitia Kisumu hadi Busia, huwa Uganda kabla ya jua kutua. Njia hizo hupitisha samaki na mahindi. Zaweza pia kumpitisha mtoto ambaye babake na mamake hawasikizani tena.

Tuchukue mfano. Mume ni wa Nyakach, mke ni wa Tarime, na mtoto wao wa miaka 5 anasoma chekechea Sondu. Siku moja mume anarudi kutoka kazini na kukuta nyumba tupu. Mke amekwenda kwao na mtoto. Wazee wanasema mahari ikishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Nyanya wa upande wa mama anauliza ni nani awezaye kumlea mtoto mdogo kumshinda mamake. Je, sheria yasemaje?

Nchi zaidi ya 100 zimeingia katika Mkataba wa Hague wa 1980. Mkataba huo hauulizi ni mzazi yupi bora, bali mtoto alikuwa akiishi wapi. Ikiwa hajafika miaka 16, alichukuliwa bila idhini ya mzazi mwenye haki ya malezi, na kesi ikaletwa kabla ya mwaka 1 kupita, korti huamuru arudishwe, ili ugomvi wa malezi usikizwe kule alikokuwa. Yaweza kukataa endapo kuna hatari kubwa ya mtoto kudhurika, au yeye mwenyewe, akiwa amepevuka vya kutosha, anapinga kurudi. Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Moroko zimo.

Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Zote tatu zimeidhinisha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, unaotaka utekaji wa watoto uzuiwe hata ukifanywa na wazazi. Lakini mkataba huo haukuweka utaratibu wa kumrudisha mtoto.

Hakimu huangalia nini?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inatanguliza manufaa ya mtoto na kuwapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mamake, ingawa baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Sheria hiyo pia humtaka hakimu akumbuke ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha. Kwa hiyo baba wa Nyakach akifika Tarime na amri ya korti ya Kisumu, hakuna Mkataba wa Hague wa kumsaidia.

Hata Ulaya hali ni hiyo. Mwaka 2005, majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza waliamua kesi ya mtoto aliyeletwa huko na mamake kutoka Saudi Arabia, nchi isiyo katika Mkataba. Walikataa kumrudisha, wakisema lazima yaangaliwe maslahi ya mtoto huyo mwenyewe. Mkenya aishiye London na alijue hilo.

Wahi mapema

Mzazi anayeona dalili za mwenzake kutoroka asingoje. Amwone afisa wa watoto, aende kortini aombe amri ya kuzuia mtoto kutolewa nchini, na pasipoti yake iwekwe kortini. Aweke tayari cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya shule, kwani hizo huonyesha maisha ya mtoto yalikuwa wapi. Kila mwezi upitao, mtoto hupata marafiki na shule mpya, na hakimu husita zaidi kumng'oa.

Naye anayekimbia kipigo asidhani mpaka pekee utamlinda. Aripoti, apate karatasi za hospitali na polisi, kwa maana korti huamua kwa ushahidi.

Wazazi, mkiachana, kumbukeni kwamba mtoto hajaachana na yeyote kati yenu.