Mifupa inayovunjika upesi: Mtoto asifungiwe ndani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza chanzo cha maradhi haya, ambayo madaktari huyaita ostiojenesisi imperfekta: kasoro ya kuzaliwa nayo, mara nyingi katika kolajeni, protini inayoushika mfupa usikatike ovyo. Humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 hivi, na mzazi hana kosa. Leo tujibu swali linaloumiza vichwa nyumbani: mtoto aliyekwisha kufungwa hogo mara kadhaa aachwe ajishughulishe, au alazwe?

Ajishughulishe. Huruma ya kumlaza ndiyo inayomdhuru. Mfupa hujijenga unapobeba uzito na kuvutwa na misuli. Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892. Wanaanga, watu wazima wenye afya, wakielea huko juu hupoteza kiasi cha asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Sasa mtoto wetu akikaa kitandani miezi miwili kwa sababu ya mguu, ataamka na mfupa mwembamba zaidi. Utavunjika tena, naye atalazwa tena.

Muhimu ni ajisogeze mwenyewe. Mtu asimvute wala kumkunja mguu ili eti unyooke. Hapa mazoea yetu yana hatari. Mama akitaka kumbeba mtoto mgongoni humshika mkono mmoja, akamzungusha, kisha akaikaza mbeleko. Kwa mtoto huyu, hapana. Kiganja kimoja kiwe chini ya makalio, kingine nyuma ya mabega na shingo, vidole vimetandazwa. Wakati wa kumbadilisha nepi, ainuliwe makalio kwa kiganja. Asininginizwe kwa miguu.

Mdogo alazwe kifudifudi kwenye godoro, kitu anachokipenda kiwekwe mbele kidogo, naye ainue kichwa na kukifuata. Mkubwa kiasi atumie kiti. Akae nyayo zote zikigusa sakafu, ainame mbele, asimame taratibu huku ameshika meza nzito, kisha akae polepole bila kujibwaga. Aanze na kiti kirefu. Mapaja yakipata nguvu, ashuke hadi kigoda. Ni zoezi dogo, lakini ndilo litakalomfikisha chooni bila kubebwa.

Wataalamu husifu sana mazoezi ya majini, kwa kuwa maji yakifika kitovuni hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili. Kondoa kwetu si mji wa mabwawa ya kuogelea, na kiangazi kila ndoo ina kazi yake. Beseni kubwa la maji ya uvuguvugu litafaa kwa anayeweza kukaa: apige miguu, asukume maji kwa mikono, na maji hayo yafulie nguo baadaye. Hofu yangu ni utelezi. Kitandikwe kitambaa ndani ya beseni, na sakafu ikaushwe kabla ya kumtoa.

Shuleni asicheze mpira wa kugongana wala kuruka kutoka juu, na mwalimu amruhusu kutoka darasani kabla ya msukumano wa mlangoni. Njia za kwetu zinazokatiza makorongo zinataka tahadhari: mchanga unaonekana laini, ila hugeuza kifundo cha mguu. Apitishwe palipo tambarare, hata kama ni mbali.

Na asiache. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi watoto 34 wenye hali isiyo kali walivyofuatiliwa. Waliofanya mazoezi kwa wiki 12 walipata pumzi na nguvu zaidi, lakini baada ya kuacha faida hiyo ilianza kupungua.

Kabla ya kuanza, hasa hogo linapotolewa, mtoto aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, amwoneshe mzazi kila zoezi kwa vitendo. Ikibidi rufaa, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, kilomita 160 hivi kutoka Kondoa. Safarini alazwe juu ya mto, mguu wenye maumivu ukiwa umeegemezwa, na dereva aombwe apunguze mwendo kwenye matuta.

Wiki ijayo: dawa za kuimarisha mifupa, na vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa.