Masomo ya Likizo kwa Mtandao: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Likizo ya Juni huwakuta wazazi wengi wa Choma, wilayani Igunga, katika msimu wa pamba. Wakati huohuo matangazo ya masomo ya ziada kwa mtandao huenezwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Masomo hayo yaweza kumfaa mwanafunzi wa sekondari anayeishi mbali na vituo vya masomo ya ziada. Hata hivyo, fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Tunawashauri wazazi wapime yafuatayo.

Anza na vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada visivyolipiwa. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali mahali walipokosea. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, ina masomo yanayofuata mtaala wa Tanzania.

Piga hesabu ya data. Gharama ya somo si ada pekee. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida yaweza kutumia MB 500 au zaidi, ilhali kitabu kilichopakuliwa mara moja husomwa likizo nzima bila mtandao. Uliza kama masomo yanapakuliwa. Kwa kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021, kampuni ya simu hutakiwa kukuarifu kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapokwisha. Arifa ya kwanza ikifika, zima video na urudi kwenye maandishi.

Mhoji muuzaji. Ni nani anayefundisha, na anafundisha wapi? Ada ni ya mwezi au ya likizo nzima? Je, huduma hujirudia na kukata salio bila kukuuliza, na hujitoaje? Omba somo moja la majaribio. Lipa kwa namba ya biashara iliyosajiliwa, na uhifadhi ujumbe wa muamala. Anayedai kuuza mtihani wa taifa kabla ya siku yake ni tapeli. Anayemfuata huhatarisha fedha zake na matokeo ya mtoto.

Linda taarifa za mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa aeleze sababu. Somo la Fizikia halihitaji picha ya kitambulisho chako, wala namba ya siri ya akaunti yako ya simu.

Ukidhulumiwa. Lalamika kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Tangazo likiwa la uongo, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Usifute ujumbe wala risiti: bila ushahidi huo, ni vigumu kwetu kukusaidia.