Maji ya Lualaba na Gharama ya Kuyatakasa

Mtu asimamaye ukingoni mwa mto Lualaba upande wa komini ya Kasuku, katika mji wa Kindu nchini Kongo, ambako reli itokayo kusini hukoma na vyombo vya mtoni huanza safari ya kuteremkia Ubundu, huona mbele yake maji yanayozidi haja ya miji kumi, ilhali katika mitaa iliyo nyuma yake akina mama na watoto wamejitwika bidoni wakitafuta ya kunywa. Kinachoadimika ni maji yaliyotakaswa, na kutakasa ni amali yenye elimu yake na gharama yake.

Maji ya mto mkubwa kama huo huwa na rangi ya udongo kwa kuwa yamebeba chembe ndogo mno za mfinyanzi, zenye chaji hasi ya umeme zote, nazo kwa kuwa chaji za namna moja hufukuzana, chembe hizo zaweza kuelea siku nyingi zisituame. Hapo ndipo hutiwa shabu, ambayo chaji yake chanya huibatilisha ile hasi, chembe zikashikamana, zikawa mabonge, zikazama pamoja na sehemu kubwa ya vijidudu. Kisha maji hupitishwa katika mchanga, na mwishowe hutiwa klorini, ili iue vilivyosalia na akiba yake iyalinde maji yakiwa njiani bombani.

Faida ya kazi hiyo ilidhihirika mwaka 1892 huko Ujerumani, kipindupindu kilipouvamia mji wa Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Na jirani yake Altona, mji uliochota mto huohuo, tena chini ya mahali Hamburg ilipomwaga uchafu wake, ulisalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ulikuwa na vichujio vya mchanga. Mabwana wa Hamburg, matajiri wa bandari, walikuwa wamebishana miaka mingi juu ya gharama, na vichujio vyao vikamalizika mwaka 1893, baada ya mazishi.

Hata hivyo mtambo wa kutakasa ni nusu tu ya habari. Rejideso, shirika la maji la serikali ya Kongo lililoasisiwa mwaka 1939, laweza kutoa maji safi kabisa mtamboni, nayo yakafika robineni yamechafuka. Maana bomba lililojaa, hata likiwa na nyufa, huvuja kwenda nje, lakini pampu inaposimama kwa kukosa umeme au dizeli, msukumo wa ndani hutoweka, na maji ya mtaro yaliyolizunguka bomba hupenya kupitia nyufa zilezile. Ndiyo maana maji ya kwanza yarudipo baada ya kukatika ni ya kutiliwa shaka, na ndiyo maana, kwa rai yangu, pipa la dizeli lahesabika kuwa dawa sawa na klorini. Wafadhili wapendao kukata utepe hawaoni fahari katika kununua dizeli.

Na majitaka je? Nyumba nyingi za Kasuku hutegemea choo cha shimo, na udongo ulio baina ya kitako cha shimo na maji ya ardhini ndio kichujio pekee cha kisima cha jirani. Masika yakiingia, maji ya ardhini hupanda, na kichujio hicho hupungua unene mpaka pengine hakisalii kitu.

Sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imeyapa majimbo mamlaka juu ya huduma hii na kuwafungulia mlango watu wengine pamoja na shirika la serikali. Huko Kinshasa na Mbuji-Mayi jumuiya za watumiaji, ziitwazo ASUREP, huendesha mitandao midogo, zikiuza maji kwa bidoni na kuweka akiba ya matengenezo katika mapato. Kasuku yaweza kuanza kwa pampu za nishati ya jua zijazazo tangi lililoinuliwa, kwani maji yaliyopandishwa mchana huhifadhi msukumo wa usiku bila betri. Na hesabu ya bei ya bidoni iwe na mafungu ya klorini, ya vipuri, na ya gari la kunyonya mashimo ya vyoo pamoja na uwanja wa kukaushia tope lake, mbali na mto.