Bibi wa Benchi na Mipaka ya Urafiki

Kwa Kishona, sonona na wasiwasi uliozidi huitwa kufungisisa, yaani kuwaza mno, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: nasi husema fulani "ana mawazo". Jijini Harare, Zimbabwe, mwenye mawazo ya namna hiyo huweza kwenda zahanati akaketi nje, kwenye benchi la mbao, pamoja na bibi wa mtaa uleule. Mpango huo, uitwao Benchi la Urafiki, ulianzishwa mwaka 2006 na Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, akiwa na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Bibi humsomea mgeni maswali 14, humsikiliza, kisha humwomba achague tatizo moja tu la kuanza nalo, tuseme kodi ya nyumba. Huagana wakiwa na hatua moja waliyokubaliana, na wakikutana tena bibi huuliza imefikia wapi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona hawakufika 14 katika kila 100 kwa waliokaa na bibi. Kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, walikaribia 50. Wengi husema siri ni upendo wa bibi. Kwangu hilo ni nusu ya jibu. Jirani naye ana upendo, na ndiye huyo amwambiaye mgonjwa "jikaze", kisha habari zikafika kisimani kabla ya jua kuchwa. Bibi wa benchi amefunzwa kutunza siri, kutotoa amri, na kumfikisha anayewaza kujiua kwa mtaalamu. Mtu hufunguka akijua mipaka hiyo ipo.

Wapo wanaohofu kwamba serikali zitajificha nyuma ya wanaojitolea zisiajiri wataalamu. Hofu hiyo ni ya haki, maana bibi hatibu skizofrenia. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 124 wa skizofrenia, ulionyesha kuwa kutembelewa na mtu wa kujitolea kwa mwaka mzima hakukuongeza muda wao wa shughuli za kila siku. Kuliwaongezea watu wa kuonana nao. Wengine husema urafiki wenye ratiba ni wa bandia. Lakini aliyejifungia miaka anamhitaji kwanza mtu anayesema atakuja Jumanne, na Jumanne akaja. Hospitali inayopokea wa kujitolea iwape mafunzo, msimamizi wa kuwapunguzia mzigo, na tarehe ya kuagana ambayo mgonjwa anaijua tangu siku ya kwanza.