Kabla Hujanunua Mashine ya Kunusa Chuma

Ndugu msikilizaji, simulizi ya mali iliyofukiwa na Mjerumani haizeeki. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini kupitia Uluguru, na hadi leo wapo wanaodhani kila jiwe lenye alama ni ramani. Matapeli wanakula kwa ramani hizo. Juma hili tuitazame mashine yenyewe, ile ditekta, maana ukiijua hudanganyiki upesi.

Sahani yake ya chini ina waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na metali, metali hujibu, na mashine hulia. Basi. Haijui rupia wala dhahabu; hulilia hata kizibo cha soda. Tena kwa sarafu moja, mashine ya kawaida hufika kina cha shubiri hivi. Anayekuuzia ya kuona sandarusi la dhahabu mita kumi chini, mwache aende zake.

Anayeanza na aanzie shambani kwake. Fukia sarafu, msumari na kizibo, kila kimoja mahali pake, ujifunze mlio wa kila kimoja. Udongo mwekundu wenye chuma huipigisha mashine kelele ovyo; irekebishe kwanza ikubaliane na ardhi, kisha pitisha sahani polepole. Ukipata heller ya Mjerumani, au senti kumi ya Mwingereza yenye tundu, umevuna.

Mazimbu palikuwa shamba la mkonge kabla ya ANC kujenga chuo cha Solomon Mahlangu. Leo ni kampasi ya SUA. Yapo makaburi ya wapigania uhuru, na hapo si pa kuchokonoa. Kuchimba vitu vya kale bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Na je, kinacholia kikiwa bomu? Wakazi wa Gongo la Mboto hawajasahau Februari 2011. Ukifukua chuma cha mviringo chenye ncha, usikiguse. Rudi kwa nyayo zako, ukawaite polisi. Hapo hapo Morogoro, APOPO na SUA hufundisha panya buku kunusa baruti, kwani panya hana habari na misumari. Eneo la uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye ditekta huweza kuchukua siku nne.